Kola Iliyogeuzwa

Siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, ni Alhamisi moja niliyokaa kibarazani kwa mshonaji, pale Shanwe, saa kumi jioni, juu nimevaa singlendi tu, watu wakipita na kunitazama. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa mtumishi wa serikali wa miezi mitatu. Na kesho yake, Ijumaa, nilikuwa nimekaribia kufanya jambo ambalo lingenifukuzisha kazi kabla hata sijathibitishwa. Kaa vizuri nikueleze nilivyofika kwenye kibaraza kile, maana najua barua yako ya ajira umeipata juzi, na nimeshaona unavyovikodolea macho viatu vya dukani.

Mimi ni mtoto wa wafugaji. Baba alitoka Usukumani na ng'ombe wake, akaja nao hadi huku Katavi nikiwa nabebwa mgongoni na mama. Siku hizo Mpanda ilikuwa wilaya ya Rukwa, mkoa wetu huu bado haujazaliwa. Nikasoma, kwa taabu ambazo leo sitakuhadithia kwa sababu utadhani najisifu, nikapata kazi ya ukarani wa masijala katika ofisi moja iliyoshughulikia viwanja. Masijala ni chumba cha mafaili. Kila kiwanja kilikuwa na faili lake, na karani ndiye aliyejua faili liko wapi. Kazi yenyewe ni ndogo, lakini mtu akitaka kujua kama ardhi yake bado ni yake, anaanzia dirishani kwako.

Baba alipopata habari, aliuza dume lake jekundu. Alinipa fedha ile mkononi, akaniambia, "Nunua kitanda, nunua godoro, nunua sufuria. Mfanyakazi wa serikali asilale chini." Baba hakuwa mtu wa maneno, na lile dume alilipenda. Kisha nilipokwenda kuripoti kazini nikalipwa posho ya kujikimu, ile wanayopewa waajiriwa wapya ili waishi hadi mshahara wa kwanza utoke. Sikuwahi kushika fedha nyingi namna ile. Nilijiona tajiri.

Nilinunua suti.

Usicheke. Ilikuwa suti ya vipande vitatu, rangi ya kijivu, na kizibao chake, na tai nyekundu, na viatu vya moka vilivyokuwa vikilia kwa kila hatua. Fedha ya kitanda ikaenda kwenye koti, fedha ya godoro ikaenda kwenye viatu, na posho ikamalizikia kwenye saa ya mkononi na kuwanunulia soda watu nisiowajua ili waione hiyo saa. Nikapanga chumba, nikatandika mkeka sakafuni. Suti niliitundika ukutani kwenye msumari, juu ya kichwa changu, nimeifunika shuka ambalo nilipaswa kujifunika mimi. Suti ikawa inalala vizuri kuliko mwenyewe. Nilikuwa najiambia, mshahara uko njiani, kitanda kitakuja.

Mshahara haukuja. Makaratasi yangu yalikwenda Sumbawanga, yakaenda Dar es Salaam, yakarudi kwa sababu ya sahihi moja, yakaenda tena. Mwezi ukaisha, wa pili ukaisha. Wakongwe pale ofisini hawakushangaa hata kidogo. Walisema ndivyo ilivyo kwa waajiriwa wapya, ndiyo maana ile posho huitwa ya kujikimu. Mimi nilikuwa nimejikimu kwa tai.

Sasa nikueleze kuhusu mkubwa wangu, maana yeye ndiye mwenye hadithi hii. Aliitwa Mzee Mbalamwezi, Mfipa, mkuu wa masijala, mtu mwembamba, mpole, asiyeinua sauti. Mwanangu, sijapata kuona mtu nadhifu kama yule. Unaijua Mpanda ya mwezi wa nane, vumbi jekundu linavyoingia hadi kwenye chumvi. Yeye alitembea kwa miguu kutoka Ilembo kila asubuhi, na alipofika ofisini alitoa kitambaa mfukoni, akafuta viatu mlangoni, akaingia. Shati jeupe. Suruali nyeusi yenye mstari wa pasi uliosimama. Si shati la thamani, ila lilimkaa. Wenzetu walimtania kwamba ana dawa ya kwao ya kuzuia vumbi, naye akawajibu kwamba dawa hiyo inauzwa kila duka na inaitwa sabuni. Mimi nilikuwa namwangalia kwa siri. Nilijua moyoni kwamba mtu yule ana kabati limejaa mashati, na kwamba siku nikiwa mkuu na mimi nitakuwa nalo. Kumbe suti yangu ile yote ilikuwa ni kumkimbiza yeye.

Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa na njaa. Sisemi hamu ya kula, nasema njaa. Mama ntilie niliyekuwa nakula kwake samaki wa migebuka alikuwa ameanza kuniuliza habari za mshahara kabla ya kunisalimia. Suti niliendelea kuivaa kila siku kwa sababu nguo nyingine ya kueleweka sikuwa nayo. Chini ya koti nilikuwa na shati moja tu, na sabuni ilipokuwa haba nililifua mbele na kwenye vikono peke yake, sehemu zinazoonekana. Nyuma na ndani ya kola niliachia koti lifiche. Jua la Mpanda ndani ya vipande vitatu unalijua mwenyewe. Watu walipoinama dirishani kwangu, walikuwa wanarudi nyuma kidogo, nami nikadhani wananiheshimu.

Hapo ndipo dalali aliponiona. Madalali wana jicho. Alikuwa mtu wa pikipiki, mwenye kucheka sana, na alikuja dirishani siku ya Jumanne, wakati Mzee Mbalamwezi amekwenda posta. Hakuanza na mafaili, alianza na suti.

"Kaka, umependeza," aliniambia. "Lakini mtu wa hadhi yako anabadilisha. Suti moja wiki nzima?"

Nikacheka kinyonge. Akaniambia kuna faili moja la kiwanja cha Misunkumilo, la marehemu fulani, na mjane wake atakuja kulifuatilia. Hakutaka nilichome wala nilichane. Alitaka tu lilale chini ya mafaili mengine mwezi mmoja, mjane aambiwe halionekani, hadi mtu wake mwingine amalize taratibu zake. Akaniandikia jina la marehemu kwenye kikaratasi. "Ijumaa napita," alisema. "Lilalishe tu. Na Jumamosi unakuwa na suti mbili."

Mwanangu, ningependa kukuambia kwamba nilimfukuza. Sikumfukuza. Nilimwambia nitafikiria, na mtu akishasema hivyo kwa dalali, dalali anahesabu amekubaliwa. Nilikaa na kile kikaratasi mfukoni siku mbili. Nilichokuwa nafikiria hakikuwa huyo mjane hata kidogo. Nilikuwa nafikiria sahani ya wali.

Ndiyo Alhamisi ile ikafika. Tulipofunga ofisi nilikwenda Shanwe kwa mama mmoja tuliyemwita Mama Sauda, mwenye duka la vitambaa na cherehani yake mwenyewe kibarazani. Baba yake Mnyamwezi wa Tabora, mama yake Mmanyema, yeye kazaliwa hapa hapa, na ulimi wake ulikuwa mkali kama mkasi wake. Nilitaka anipime mashati mawili, nitamlipa Jumamosi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Jumamosi hiyo hela inatoka wapi?"

"Mshahara, mama."

"Mshahara wa nani?" Akaacha kukanyaga cherehani. "Wenzio mlioajiriwa nao walikuja hapa juzi kutia viraka, wanasema bado haujatoka. Wewe umetoka wako peke yako?"

Nikasema kuna mtu ananipa. Akaniuliza ananipa kwa kazi gani. Nikainama kutazama viatu vyangu, vile vya kulia, ambavyo kwa wakati huo vilikuwa vimeshanyamaza.

"Mimi sikupimi," alisema Mama Sauda. "Nikipima sasa hivi, nitashona kitu nisichokijua. Nenda, ukirudi na hela inayosemeka nitakushonea hata kumi."

Mfanyabiashara kukataa biashara! Nilibaki nimesimama. Na nikiwa nimesimama hivyo, macho yakaangukia shati jeupe lililokuwa mezani kwake, kando ya cherehani. Kola yake ilikuwa imefumuliwa, imelala pembeni peke yake. Na kwenye kikono cha kulia, kwa ndani, palikuwa na doa dogo la zambarau, la wino wa muhuri. Doa lile nilikuwa nalijua. Nilikuwa naliona kila siku mkono ule ulipopita juu ya meza yangu kugonga muhuri.

"Mama, shati hili…"

"La mteja," alinikatiza. "Usiulize nguo ya mtu."

Lakini mteja mwenyewe alikuwa anakuja. Mzee Mbalamwezi alipanda ngazi za kibaraza, akafuta viatu kama afanyavyo ofisini, akamsalimia Mama Sauda, kisha akaniona mimi na nilichokuwa nakitazama. Mimi nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake. Nilidhani nimemfuma uchi.

Yeye wala hakushtuka. Alilichukua shati lake, akanionyesha.

"Umewahi kuona, Ndugu Luhende? Kola inachakaa hapa, kwenye mkunjo, ndevu zinapoisugua. Mama anaifumua, anaigeuza, upande uliochakaa unaingia chini, upande mzima unakuja juu. Anashona. Unapata mwaka mwingine na nusu."

"Miwili ukifua vizuri," alisema Mama Sauda. "Ila haigeuki mara ya pili. Hilo la bluu ulilolileta mwaka jana sasa lifanye kitambaa cha kufutia viatu."

"Ndicho ninachofutia," alisema Mzee.

Nikauliza, sijui nilipata wapi ujasiri, "Mzee, kwani una mashati mangapi?"

"Matatu."

Mwanangu, sijui nikuambieje. Mtu niliyekuwa namkimbiza kwa vipande vitatu, mtu aliyekuwa anang'aa kuliko wakuu wa idara, mtu ambaye watoto wake wanne walikuwa shule na nyumba yake ya Ilembo ina bati juu, mtu huyo alikuwa na mashati matatu na kola ya kugeuza. Nimeona mambo mengi tangu siku ile. Nimeona tembo wa Katavi kwa mamia mtoni, nikashangaa kama kila mtu anavyoshangaa. Lakini sikupata kushangaa tena kama nilivyoshangaa mbele ya kola ile ndogo iliyofumuliwa. Nilihisi nimekuwa nikisali kwenye nyumba isiyo na mtu, na sasa ndipo nimeonyeshwa nyumba yenyewe.

Akatoa mfukoni kipande cha kitambaa cha bluu kilichofungwa fundo. Akakifungua taratibu, akamlipa Mama Sauda, akakifunga tena. Aliona ninavyokitazama.

"Hili ni fundo la kazi," alisema. "Mshahara ukitoka sijaondoka mezani, naugawa. La chakula na nyumba nampa mke wangu. La ada na maradhi linakaa kwenye sanduku. Hili la kazi natembea nalo: sabuni, mkaa wa pasi, rangi ya viatu, soli, kola. Dogo tu. Lakini silichezei, kwa sababu ndilo linalonirudisha dirishani nikiwa mtu. Na lipo lingine ambalo hata mke wangu halifungui. Lile nililifunga kidogo kidogo miaka sita, hadi likafika mshahara wa miezi minne."

"Miezi minne ya nini, Mzee?"

"Ya kungoja. Mimi wa kwanza wangu ulichelewa miezi minne. Nililala na njaa kama wewe unavyolala."

Hakuna aliyemwambia kwamba nalala na njaa. Alikaa kwenye benchi, akaniashiria nami nikae, na sauti yake haikupanda hata kidogo. Nakumbuka kila neno.

"Yule dalali wa pikipiki amepita kwetu mara tatu wiki hii. Sikuulizi anamtafuta nani. Mimi alinitafuta miaka mingi, akachoka. Unajua kwa nini alichoka? Si kwamba mimi ni malaika. Ni kwamba hana kitu ninachokihitaji kabla ya tarehe ya mshahara. Mtu mwenye shida ya leo hawezi kuwa mkali, Ndugu Luhende. Atajaribu, lakini tumbo litamjibia."

Kisha akaongeza lile lililonimaliza.

"Na hiyo suti. Sisemi ni mbaya, ni suti nzuri. Lakini unaivaa kwa ajili ya nani? Jana nimetoka posta nikamkuta bibi mmoja amekaa kwenye tofali nje ya ofisi yetu, anajiandaa kuondoka. Nikamuuliza, bibi, mbona huingii? Akaniambia, 'Kuna mkubwa amekaa pale dirishani, ninangoja atoke.' Siku ya pili hiyo anangoja. Nikamwambia hakuna mkubwa pale, kuna karani. Hakuniamini. Akasema atarudi Ijumaa, huenda mkubwa atakuwa amesafiri."

Mama Sauda alicheka, kisha akaona uso wangu akaacha.

"Watu wetu wanatembea kutoka mbali kuja kuuliza faili," alisema Mzee. "Hawajui kusoma kilichomo. Wanatusoma sisi. Wakinikuta nimekunjamana, wataenda nyumbani wakijiuliza faili lao liko katika hali gani. Wakikuta bwana harusi, watamwogopa. Wanataka mtu safi wa kawaida anayeonekana kutunza vitu. Vua koti."

"Mzee?"

"Vua koti tuone."

Nikavua koti, na kizibao chake. Hapo ndipo aibu yangu yote ilipotoka hadharani, shati jeupe mbele na la kahawia mgongoni, kola imeoza kwenye mkunjo. Mama Sauda alisema "Subhanallah" kwa sauti ndogo. Alinyoosha mkono, nikampa shati, nikabaki na singlendi, na yeye akachukua wembe akaanza kuifumua kola yangu uzi kwa uzi. Nilikaa pale nikiutazama mkono wake, watu wakipita, mmoja wao yule mama ntilie anayenidai, akaniuliza kwa mbali, "Kaka suti, leo kulikoni?" Na mwanangu, ajabu ni kwamba sikujificha. Kilichokuwa kinafanyika pale kilikuwa kikubwa kuliko aibu. Kilikuwa kinanigeuza mimi.

Mzee alilipia kola ile kutoka kwenye fundo la bluu. Mama Sauda kwa upande wake akatoa shauri lililoniokoa. Alisema suti niiache kwake, Ilembo na Misunkumilo hazikosi bwana harusi, atakuwa anaikodisha, na kodi yake itanilisha hadi makaratasi yangu yatakaporudi kutoka huko yaliko. Nikampa na tai, naye akaniazima suruali moja kuukuu ya kuvaa. Miaka mingi baadaye nilialikwa harusi moja nikaiona suti yangu imesimama mbele ya watu, imemkaa bwana harusi kuliko ilivyowahi kunikaa mimi. Nikapiga makofi kwa nguvu, na hadi leo yeye anadhani nilikuwa nampigia yeye.

Jioni ile niliomba kipande cha sabuni na pasi ya mkaa kwa mama mwenye nyumba. Nikalifua shati lote, mbele na nyuma.

Ijumaa asubuhi nilifika mapema, nikafuta viatu mlangoni. Dalali alikuja kabla ya saa tatu, akanikuta bila koti, akacheka.

"Suti iko wapi, kaka?"

"Imepata kazi nyingine," nilimjibu. Nikamrudishia kikaratasi chake. Nilimwambia faili lile liko mahali pake na litabaki mahali pake. Sauti ilinitetemeka, nisikudanganye. Alinitazama muda, akatazama nyuma yangu ambako Mzee Mbalamwezi alikuwa anagonga muhuri bila hata kuinua kichwa, akaondoka. Hakunitafuta tena.

Haikupita saa moja, akaingia bibi. Alikuwa amejifunga kanga mbili zilizopauka, miguu imejaa vumbi hadi magotini, ameshika mfuko wa nailoni kifuani kwa mikono yote miwili. Alichungulia kwanza, akatafuta kitu kwa macho. Nadhani alikuwa anamtafuta mkubwa. Hakumwona. Akaja moja kwa moja dirishani kwangu.

"Mwangaluka," alisema.

Salamu ya asubuhi ya Kisukuma! Nilisimama. "Mwangaluka, mayu," nikamwitikia, mayu yaani mama, na uso wake ukafunguka wote.

"Baba, mimi nimekuja na hii karatasi ya mzee wangu. Mzee amekufa. Wananiambia kiwanja siyo ya kwangu tena. Nimekuja siku mbili, ila kulikuwa na mkubwa hapa, nimemwogopa. Wewe nimekuona nikasema, huyu kijana anafanana na mtu wa kutunza vitu, ngoja nimuulize."

Akafungua mfuko wake, akanipa karatasi. Nikasoma jina la marehemu. Lilikuwa jina lile lile la kwenye kikaratasi.

Niliiona mikono yake, nikaona mikono ya mama yangu. Nikaelewa kwamba kwa siku mbili nzima mama huyu alikaa kwenye tofali, na mimi ndani nimekaa ndani ya suti iliyomzuia asiingie, mfukoni nimebeba jina la mume wake, nikiwazia sahani ya wali. Machozi yalinitoka dirishani, mbele za watu. Bibi akadhani nimeona jambo baya kwenye karatasi.

"Imepotea, baba?"

"Haijapotea, mayu," nilimwambia. "Ipo. Nitakuletea sasa hivi."

Nilikwenda kwenye rafu nikalitoa faili, nikalifuta vumbi kwa kiganja, nikaliweka mbele yake. Hakujua kusoma, lakini aliligusa, akauacha mkono juu yake muda mrefu. Mkono ule, mwanangu, ndio ulikuwa mshahara wangu wa kwanza. Ule wa fedha ulikuja mwezi uliofuata, nikaugawa mezani kabla ya kuinuka, na nikanunua kitanda. Baba alipokuja kunitembelea alikikalia, akakijaribu kwa uzito wake, akatikisa kichwa kukubali. Kuhusu dume jekundu sikumwambia ukweli hadi nilipomnunulia jingine.

Mzee Mbalamwezi alifariki miaka mitatu iliyopita, akiwa mtu mzima sana. Walipomaliza matanga, watoto wake waligawa nguo zake kama ilivyo desturi. Zilikuwa chache, kazi iliisha upesi. Mimi wakanipa shati jeupe. Nilipofika nyumbani niliinua kola kwa kidole, nikaona mishono ya Mama Sauda chini yake. Nililia kama mtoto.

Basi sikiliza mwanangu, nikuambie waziwazi nisikuachie kazi ya kubahatisha. Mshahara ukikufikia, ugawe kabla hujainuka ulipokaa, na usiweke mwisho fungu la kazi yako. Sabuni, viatu vinavyotembea, shati linalofuliwa lote. Nguo yako ya kazini chagua kwa kumfikiria yule atakayekuja kwako na shida, usimfikirie unayetaka akusifu. Zile posho za mwanzo ziheshimu, ndizo chakula chako cha kungojea. Na funga fundo moja usiloligusa, hata kama litachukua miaka sita, kwa sababu siku dalali atakapokuja, na atakuja, atatazama kwanza kama una shida ya leo. Asiione. Usione haya kugeuza kola. Ona haya kuificha iliyochafuka.

Shati lile silivai. Limetundikwa kabatini, na kila mwaka nalifua nalipiga pasi. Jumatatu unaanza kazi. Njoo kwanza uinue kola yake kwa mkono wako, uone ile mishono. Mungu akujalie dirisha lenye watu wanaokuja bila kukuogopa, akujalie mkono usiotetemeka ukirudisha kikaratasi, na akufikishe uzeeni nguo zako zikiwa chache na safi, na watu wengi wa kugombania moja.